Pettway, Raundi ya Pili

Jumanne, 5 Agosti

Nimeitwa kambini. Mashine ya barafu ya timu ya futiboli ya Kimarekani imegoma. Jua kali, vijana tisini wanavunjana mbavu uwanjani, na hakuna hata kipande cha barafu cha kuweka gotini. Kazi ya dakika arobaini. Nimekaa huko saa tatu nzima.

Sababu ni namba themanini na saba. Odarius Pettway, chipukizi kutoka Alabama, mpokea mipira. Timu ilimchagua raundi ya saba, ya mwisho kabisa, ile ambayo majina husomwa watu wameshaondoka kwenda kula. Amedaka mipira mitano mbele ya macho yangu. Mmoja kwa mkono mmoja, huku ameupa mgongo! Kocha hakutikisa hata kichwa. Mwandishi wa gazeti alikuwa anapiga miayo. Hakuna aliyeona ila mimi.

Ligi yetu ya karatasi, ya jumba la zimamoto, inachagua wachezaji tarehe 24: kila mtu anajitwalia wachezaji halisi, na wanachofanya uwanjani kinampa yeye alama. Mke wangu Patrice huieleza ligi hiyo hivi: watu wazima kumi wanagawana vijana wasiowajua, kisha msimu mzima wanajisifia mbio ambazo hawakukimbia. Sawa. Lakini mwaka juzi nilishika mkia. Mwaka jana nikashika mkia. Na kanuni inasema anayeshika mkia mara tatu mfululizo ananyang'anywa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha marehemu baba, mmoja wa waliouanzisha mchezo huu hapa Kessler Mills.

Bingwa wa miaka mitatu mfululizo ni mama mkwe. Ana miaka sabini na tisa. Anaishi kwetu, chumba cha chini, tangu abadilishiwe nyonga.

Nimekula kiapo. Pettway ni siri yangu.

Kabla ya kuondoka nimelegeza kidogo nati ya bomba la mashine. Kidogo tu. Wataniita tena, nami nitamtazama kijana wangu kwa nafasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Hawajaniita. Nimepiga simu kuulizia hali ya mashine. Wamesema haijawahi kufanya kazi vizuri namna hii, wakanishukuru. Nimeudhika.

Mama mkwe alikuwa mezani na kioo chake cha kukuzia maandishi, kalamu za rangi tatu, na gazeti lililochorwa hadi likawa kama ramani ya vita. Akauliza kama nimeona chochote kambini. Nikasema barafu. Akauliza mbona masikio yangu ni mekundu. Nikasema ni jua. Akasema, "Jua la jikoni, mwanangu?"

Huyu bibi ni hatari. Siri peke yake haitoshi. Inahitaji ukuta.

Jumatatu, 11 Agosti

Ukuta umejengwa! Nilikwenda kunyoa kwa Stosh, ambaye hunyoa nusu ya ligi na kusengenya nusu iliyobaki. Nikashusha pumzi. Akauliza kulikoni. Nikamwambia kwa siri kubwa kwamba yule chipukizi, namba themanini na saba, msuli wa paja umekwisha. Nimeuona kwa macho yangu. Asimwambie mtu.

Akaapa kwa kaburi la mama yake. Mama yake alikuwa kiti cha pili, anasubiri kusukwa nywele.

Alhamisi, 14 Agosti

Uvumi una miguu. Dukani kwa Hruska, nikinunua soseji, muuza nyama amenieleza kwa huzuni kwamba Pettway ana ugonjwa wa mifupa. Kituo cha mafuta nimeambiwa ni moyo. Chet, mwimba kwaya ambaye kila mtu anajua anakimezea mate kiti changu, amesikia kijana amesharudishwa kwao kwa ndege, amelala.

Nimeitikia yote kwa kutikisa kichwa. Hakuna atakayemgusa. Nitamchukua raundi ya kumi na tano, ya mwisho, kama mtu anayeokota sarafu barabarani.

Jumapili, 17 Agosti

Balaa.

Misani, padri alifika kwenye kuwaombea wagonjwa. Bi Wanda wa mapafu. Mzee Eugene wa figo. Kisha akavuta pumzi, akatamka pole pole, kama anayesoma Kilatini: Odarius Pettway. Kanisa zima likaitikia.

Mama mkwe hakuitikia. Alinigeukia kwa utaratibu, kama mlango wa ghala. Akatazama masikio yangu. Akarudi kutazama altare.

Njiani alitaka tupitie kwa wanakwaya. Alimuuliza mmoja amesikia kwa nani, huyo akamtaja mwingine, na katika dakika kumi alikuwa amefika kwa Stosh. Garini akasema kwa upole kwamba mtu akihangaika kumtangaza mgonjwa kijana asiyejulikana, basi kijana huyo ni mzima, tena anafaa. Akatoa kalamu nyekundu mkobani. Akaandika jambo kiganjani.

Patrice alicheka hadi tukapita nyumba yetu.

Jumatatu, 18 Agosti

Wameniita. Mashine inavuja.

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Nati yangu ilikuwa imeachia. Maji yametapakaa hadi kwenye korido, sakafu inang'aa kama kioo. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashine niliposikia viatu vya mpira vinakuja, kisha havikusikika tena. Kishindo. Nikatoka. Namba themanini na saba yuko chini, ameshika paja.

Nilimwinua kichwa. Kijana mwenyewe ni mpole, uso wa mtoto. Aliniomba radhi kwa kunikatiza kazi! Akauliza kama maji yamenirukia. Akasema, "Usijali, mzee wangu, ni mimi sikutazama chini." Daktari alipokuja, alimuuliza jambo moja tu: itachukua siku ngapi. Maana timu itapunguza wachezaji tarehe 26, na mama yake huko Alabama ameshawaambia majirani kwamba mwanawe atabaki.

Msuli wa paja. Wiki mbili, labda tatu.

Nilikaza nati. Kwenye fomu ya kazi, pale panapouliza chanzo cha hitilafu, nimeandika: uchakavu.

Sikula chakula cha jioni. Patrice alinipikia pirogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, nikala nne tu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimefikiri kwa utulivu. Lililopita limepita. Swali ni namna ya kulitumia.

Mama mkwe anaamini Pettway ni mzima kwa sababu nilisema ni mgonjwa. Sasa ni mgonjwa kweli. Timu haijatangaza, ni mimi tu ninayejua. Basi sina haja ya kudanganya! Nitasema ukweli mtupu, kwamba paja limeumia, naye atadhani ni uongo wangu uleule. Atamnyakua mapema. Atapoteza raundi nzima kwa kijana asiyeweza kukimbia. Ufalme utaanguka.

Kwa mara ya kwanza njama yangu haina dhambi hata moja ndani yake.

Jumapili, 24 Agosti

Jumba la zimamoto. Gari limetolewa nje, meza zimepangwa. Kabichi na tambi, maandazi ya karanga, kahawa ya kuamsha maiti. Tulichota namba kwenye kofia ya zimamoto. Mimi wa nane. Mama mkwe wa tisa, ubavuni mwangu, kalamu tatu wima.

Kabla hatujaanza nilimwinamia, nikasema, "Mama, Pettway msuli wa paja umeumia. Nimemwona akianguka."

Alinitazama masikio, moja, kisha la pili. Muda mrefu. Akasema, "Masikini mtoto wa watu."

Nikafurahi. Amemeza ndoano!

Raundi ya kwanza nikachukua mkimbiaji mzuri sana, Lucan Freel, mtu wa kutegemewa, hata Chet alipiga mluzi. Mama mkwe akachukua mkimbiaji mwingine. Akapigiwa makofi. Wa kumi akachagua mara mbili, maana foleni hugeuka na kurudi, ikawa zamu ya mama mkwe tena. Nikashika ukingo wa meza. Sasa! Akachukua mrushaji mzee mwenye mikono ya chuma. Pettway hakumtaja.

Hapo akili yangu ikaanza kuchemka. Kwa nini hajamtaja? Huyu bibi hakosi. Akimwacha, ana sababu. Ameambiwa na nani? Kwaya? Yule daktari ni Mkatoliki, nimemwona misani. Labda kijana amepona! Labda anamtunza kwa raundi ijayo, ananicheka moyoni, na Chet yuko hapo mkabala nami anafutafuta kinywa. Zamu yangu ilikuwa imefika. Kengele ya kuharakisha ikapigwa.

Nikasimama. Nikasikia sauti yangu ikisema: Odarius Pettway.

Katibu akauliza kama nimesema raundi ya pili. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni yule wa kuombewa. Mtu mmoja akadondosha uma. Chet akatoka nje, nikamsikia akichekea ukutani.

Mama mkwe hakucheka. Akaniuliza kwa nini nimechagua mtu niliyemwona akianguka. Nikasema nilidhani anamtaka yeye. Akasema alikuwa na nia hiyo, ndiyo. Raundi ya kumi na tano. Kwa huruma. "Leo nilikuamini, Leonard. Masikio yako yalikuwa meupe kama unga."

Miaka kumi na tisa nimemuoa binti yake. Siku moja aliyoniamini, mimi sikujiamini.

Jumanne, 26 Agosti

Timu imetangaza majina hamsini na matatu. Nimesoma orodha mara tatu. Halafu nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Pettway hayumo.

Katibu wa ligi ametutumia sote ujumbe wa pole kwa ajili ya Pettway, na kwangu ameongeza picha ya kaburi.

Mama mkwe alinikuta jikoni. Nikamweleza yote: nati, maji, korido, neno uchakavu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa ananikatia mkate. Aliweka kisu chini. Hakunitukana. Akasema kuna michezo ya karatasi, na kuna mkate wa mtu. Nivae viatu, nikamwambie kijana mwenyewe.

Nilimkuta Pettway kwenye maegesho ya hoteli, anapakia mifuko kwenye gari la kukodi, mguu mmoja mgumu. Nikamwambia. Maneno yalitoka yamepinda lakini yalitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama magurudumu. Akauliza kwa nini mtu afanye hivyo. Nikasema nilitaka kumwona akidaka, kwa ajili ya ligi yetu ya zimamoto. Akauliza nilimchagua raundi ya ngapi.

Nikasema ya pili.

"Ya pili?" Alicheka hadi akashika paja. Akasema hata mama yake mzazi asingemchukua ya pili. Alicheka tena, akafuta macho. Kisha kicheko kikaisha, akasema sasa niende, tafadhali, ana simu ya kupiga nyumbani.

Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza.

Nimekwenda kambini moja kwa moja, nikaomba ile fomu. Nimefuta uchakavu, nikaandika fundi. Bosi wangu atanipigia kesho.

Alhamisi, 28 Agosti

Bosi amepiga. Hakupiga kelele, na ndiyo mbaya zaidi. Mashine za barafu nimenyang'anywa. Kuanzia sasa nitahudumia majokofu ya maua na ya duka la keki.

Timu imemrudisha Pettway kwenye kikosi cha mazoezi. Daktari aliwaambia msuli utapona, na mchezaji wa kuanguka kwenye maji si mchezaji mbovu. Ana mshahara, ana namba mpya, mama yake ana la kuwaambia majirani. Mama mkwe amemtumia sahani nzima ya maandazi ya karanga. Mtu wa kikosi cha mazoezi hachezi mechi, kwa hiyo kwangu hataleta hata alama moja. Nimefurahi hata hivyo. Nimeshangaa kwamba nimefurahi.

Nimemwahidi Patrice kwamba njama basi. Nimeapa mkono juu ya tosta, ndicho kitu kilichokuwa karibu.

Jumatano, 3 Septemba

Msimu unaanza kesho. Nimebadilika, naona tofauti. Nalala vizuri.

Leo, nikitengeneza jokofu la keki, nimesikia wateja wawili wakizungumza. Kuna chipukizi katika timu moja ya magharibi, Brannock Teel, raundi ya sita, anakimbia kama amekopa miguu ya swala. Mama mkwe alimchukua tarehe 24, mwishoni kabisa, wala nadhani hajui ana nini mkononi. Nilipofika nyumbani nikamwambia waziwazi, bila hila: anipe Teel, nimpe Lucan Freel. Alinitazama. Akaniambia, kama mama kwa mwanawe, kwamba Teel amevunjika kidole cha mguu, habari imeenea tangu asubuhi, nifikiri kwanza hadi kesho. Nikasisitiza. Akashusha pumzi, akatia sahihi kwa kalamu nyekundu.

Masikini, uzee umeanza kumwingia. Kidole gani! Kijana mzima, tena anafaa, halafu ghafla siku moja kabla ya msimu kila mtu anasema ameumia? Kuna mtu mahali fulani amekaa kwenye kiti cha kinyozi akausambaza uvumi huo kwa makusudi.

Nawajua vizuri watu wa namna hiyo.