Malkia wa Nyuki na Redio ya Dada Tunu

Jumatano, 7 Agosti 1996. Mtoni.

Fakihi karudi kutoka melini na boksi la karata za ng'ambo. Si hizi zetu za shupaza na kopa! Hizi zina majoka, wapiganaji, wadudu. Kila mtu hufungua paketi, huchagua karata moja, zilizobaki humpitishia jirani. Hivyo hivyo mpaka ziishe. Ulichokusanya ndicho jeshi lako.

Adelard wa nyumba ya pili huchagua kwa sura. Joka likiwa na meno mengi, lake. Mimi nikaomba nisomewe maandishi. Nyuki! Mmoja mmoja hawafai kitu, lakini akitoka Malkia, kila nyuki anauma kama watatu. Watu husema tu umoja ni nguvu. Mimi nitautumia.

Dau limewekwa, mshindi achukue yote. Fakihi koti la ngozi. Adelard raba mpya. Mimi redio kaseti. Ni ya dada Tunu, ila hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 8 Agosti

Karata zilikuwa zipite kushoto. Nikawahi kuketi kushoto kwa Adelard, nipokee mazuri anayoyaacha. Akili hizo!

Mara akatoka Mzee Abdulrahman, baba yake Fakihi, mwenye baraza. Shikamoo zikapita. Akasema barazani kwake kahawa huzunguka kuliani, ubani huzunguka kuliani, na makaratasi yetu yatazunguka kuliani au yataishia barabarani. Nani abishe?

Basi mimi napokea makombo ya Fakihi, na mazuri yangu yanamwendea Adelard.

Malkia nilimpata paketi ya kwanza kabisa. Nikamwacha! Nilichukua joka ili Adelard asilipate, nikijua Malkia atazunguka anirudie. Nani atamtaka mdudu? Adelard kamtaka. Kasema anafanana na Sesilia, mchumba wake. Kaibusu karata mbele ya watu!

Nimebaki na kundi la nyuki yatima.

Ijumaa, 9 Agosti

Kura imenipeleka fainali bila jasho. Adelard kamchapa Fakihi. Kesho zamu yangu.

Dada Tunu kaulizia redio. Jumapili wanamtoa mwali kwa Bi Zubeda, na yeye ndiye mwenye kanda za taarab. Nikasema iko kwa fundi. Fundi gani? Wa Kipawa. Kasema kesho jioni ataifuata mwenyewe. Chakula ninachokula ni chake, chumba ninacholala ni chake. Akijua, nitalala na Mzee Abdulrahman barazani.

Jumamosi, 10 Agosti

Nusura nizimie! Joka langu lilikufa mapema. Nimebaki na nyuki wangu wanyonge, na zamu inayofuata Adelard ananimaliza. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia dada.

Kumbe Sesilia kaja kutazama. Adelard akashindwa kujizuia. Akamtoa Malkia, akamweka mezani taratibu, akamwonyesha Sesilia anavyofanana naye!

Nikamwomba Fakihi asome tena. Malkia huwapa nguvu nyuki wote walioko mezani. Adelard akadai malkia wake hawezi kuwahudumia nyuki wa jirani. Fakihi akasema karata imeandika nyuki, haikuandika nyuki wa nani. Na Adelard hana nyuki hata mmoja!

Zamu moja tu, kwisha. Alhamdulillahi! Nimeikumbatia redio, nimemkumbatia hata Adelard, nimekimbia mpaka nyumbani. Dada Tunu alikuwa mlangoni, kashajitanda kanga aende Kipawa. Moyo mweupe.

Jumapili, 11 Agosti

Ukitazama vizuri, Malkia nilimpeleka kwa Adelard makusudi. Mpango ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Koti la Fakihi linanibana makwapa, nalivaa hivyo hivyo.

Dada Tunu karudi ngomani anacheka. Anasema redio imetengenea, sauti inatoka kuliko zamani. Kamsifu fundi wangu sana. Kisha kaniletea cherehani yake, inaruka mishono, nimpelekee fundi huyo huyo. Nimemwambia fundi ataimaliza ndani ya wiki.

Fakihi kafungua boksi la pili. Safari hii nakusanya vyura. Wana mfalme wao, nitamwacha azunguke.

Cherehani nimeshaiweka dau.