Basi Fupi na Daraja la Wickerby

Jumatatu, 3 Mei 1954
Limefika! Basi la ghorofa aina ya Lodekka, fupi kiasi cha kupita chini ya daraja letu la reli bila kumtesa mtu. Kwenye mabasi yetu ya zamani yanayopita hapo, ili paa lishuke, njia ya kupita ya ghorofa ya juu ilibanwa pembeni ikaning'inia juu ya viti vya chini. Miaka kumi na miwili nasikia vichwa vya Wickerby vikigonga dari. Hili jipya njia iko katikati, na sakafu imeshushwa hadi karibu na lami. Jumamosi linazinduliwa, Meya akiwa ndani.

Lazima niliendeshe mimi! Msimamizi wetu, Bwana Ollerenshaw, anamtaka Wilf Stobbart. Eti hajawahi kugonga kitu. Nani angegonga kwa mwendo ule wa kubeba mayai?

Jumanne, 4 Mei
Hila ya kwanza: utaalamu. Nilipanda juu ya paa la Lodekka na utepe wa kupimia nguo wa mke wangu, Edna. Futi kumi na tatu na nusu, hazitimii. Bwana Ollerenshaw akanikuta nimelala kifudifudi huko juu. Akauliza kama kitanda cha nyumbani kimevunjika. Wilf alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mshenzi.

Jumatano, 5 Mei
Hila ya pili. Nilimnong'oneza Bwana Ollerenshaw kwamba Wilf huinamisha kichwa kila akipita darajani. Dalili ya woga! (Madereva wote wa hapa huinama, ingawa dereva hukaa chini na daraja liko mbali juu ya kichwa chake. Lakini sikuulizwa habari za wengine.) Bwana Ollerenshaw akapanda basi la Wilf, akamwona kwa macho yake. NIMECHAGULIWA! Edna anapiga pasi sare yangu. Wilf amenipa mkono, akasema hewala. Nadhani anaumia sana.

Alhamisi, 6 Mei
Mazoezi na Lodekka. Nimepita darajani mara kumi na tisa, shingo wima. Kondakta wangu, Doreen, anasema nimekaa kama niliyemeza ufagio. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Mei
Siku mbaya. Nilipewa basi refu la zamani kwa ile njia ya mlimani isiyo na daraja. Saa tisa alasiri narudi gereji, basi tupu. Namwona Wilf kwenye duka la samaki na chipsi, pale pale darajani. Nikasema acha nikatize mbele yake, aone shingo ya mwanamume.

Sikuinama. Paa nalo halikuinama.

Mlio wake sitausahau. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Doreen alipanda ngazi, akatazama mawingu, akashuka. Akaniambia pole sana, Bwana Pobjoy, kwani ulidhani wenzako wanainama kwa nini? Mtu akiinama ndiyo anakumbuka leo amepanda basi gani. Miaka kumi na miwili, na hakuna aliyenieleza!

Jumamosi, 8 Mei
Wilf ameendesha. Bendi ikapiga, Meya akapunga kofia. Mimi nilikuwa chini ya daraja na ufagio, nazoa vioo. Wilf alipofika aliinama vizuri kabisa, bila haraka. Nililia kidogo nyuma ya nguzo.

Jumapili, 9 Mei
Nimekwenda gereji kulitazama basi langu. Nikapima. Bila paa ni fupi kuliko Lodekka! Wahandisi wale wamehangaika miaka na sakafu, mimi nimemaliza kazi alasiri moja.

Nimeshawaandikia makao makuu: Basi Fupi Kuliko Yote, uvumbuzi wa C. Pobjoy. Naomba nilizindue mwenyewe, darajani, Meya akae juu kiti cha mbele. Nimeongeza sharti moja tu. Abiria wa juu wakae wima. Kuinama ni dalili ya woga.