Kinga ya Pua ya Mzee Matofali

Hospitali yenye daktari mmoja na wakurugenzi chungu nzima ina neema moja tu: foleni. Humo ndimo tapeli Mtelezo alimokuwa akivulia riziki yake.

Siku hiyo mwenye kiwanda cha matofali alitoka kwa daktari na plasta puani, mkewe mjamzito akimfuata. Mzee alikuwa amekatwa doa puani, akaambiwa jua limeharibu chembe za ngozi, kisha mlango ukafungwa. Wakubwa hawana muda wa kumweleza mtu. Muda wao ni wa vikao.

"Sasa mtoto wangu naye atazaliwa nalo?" mzee alimnong'oneza mkewe.

Masikio ya Mtelezo yakasimama. Aliwahi kufagia maabara, na alijua fika kwamba kilichoharibika kwenye ngozi ya pua hubaki hapo hapo puani, hakishuki kwenye mbegu ya uzazi. Na ipo biashara tamu kuliko kuuza kinga ya jambo lisiloweza kutokea?

"Shikamoo, mzee wangu. Pole na pua. Hilo doa lina miguu, litamfuata mtoto. Bahati yako umenikuta, ninayo dawa ya kulizuia."

"Dawa yako ikishindwa?"

"Chukua pikipiki yangu!"

Mke akadakia, "Kaka, yaani chochote cha mume wangu hakitampata mwanangu?"

"Chochote, shemeji! Utosini mpaka kisiginoni."

"Jamani, mmesikia," mke akaiambia foleni.

Mzee akalamba majivu yaliyotiwa bizari, Mtelezo akapata lori la matofali. Akaanza kujenga chumba chake, aagane na kodi. Ukuta ukafika dirishani.

Mtoto akazaliwa, pua safi kama sahani ya mgeni. Mtelezo akaenda kupongezwa, moyoni akiwaza lori la pili. Mke akafunua kitambaa. Masikio yalichomoza kama milango ya gari iliyoachwa wazi, sawasawa na ya mzee.

"Haya ya nani, kaka?"

"Ya baba yake, lakini..."

"Ulisema chochote."

"Shemeji, masikio yamo kwenye mbegu! Doa halimo! Doa la ngozi halirithiwi hata lingekuwa kubwa kama sufuria!"

Mtelezo akauma ulimi, lakini maneno yalikwishatoka.

"Kumbe ulijua," mzee akasema taratibu. "Mimi ulinilambisha nini? Lete funguo. Na matofali yangu."

Jioni Mtelezo alikuwa akibomoa ukuta wake na kurudisha matofali kichwani. Mzee akampita na pikipiki, akipiga honi, masikio yakipepea.

Ila tumsifu: yeye alirudisha. Wakubwa wetu wakishakula, hata kipande cha tofali hukioni.