Mwalimu wa Kuoga

Muema hakupenda kuitwa mwizi. Mwizi huchukua bila kuombwa, ilhali yeye alingoja aombwe, tena kwa heshima.

Ndivyo ilivyokuwa hotelini Garissa, alipomsikia Maggie, afisa wa shirika la misaada, akilalamika mbele ya chai iliyokwisha kupoa. Mwalimu wa yoga kutoka Nairobi alikuwa amesikia habari za majambazi wa barabarani akaghairi safari. Kule kambini Hagadera wanawake waliokimbia vita hawapati usingizi, mfadhili anataka watulizwe nafsi kwa yoga, na stoo imejaa mikeka na blanketi za shughuli hiyo.

Kusikia blanketi, Muema akavuta kiti karibu. Yoga aliijua kutoka kwenye kalenda ya duka la spea la Mhindi, ambamo mzee mmoja alikunja miguu na kutabasamu mwaka mzima. Akajitambulisha kuwa mwalimu. Maggie nusura alie kwa furaha.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wanawake wangelala chali na kufumba macho, blanketi zikiwa zimerundikwa nyuma yao. Wakishazama katika utulivu, yeye na Yakub, dereva wa pikapu, wangepakia na kuondoka polepole. Tangu dunia iumbwe, hakuna watu waliowahi kupangiwa kuibiwa kwa amani namna hiyo.

Jambo moja Muema hakumwambia Yakub. Yeye mwenyewe halali. Zamani alikuwa utingo wa basi la Garissa, na siku basi lilipomiminiwa risasi, dereva wake alimfia mikononi. Tangu hapo kila akifumba macho husikia vioo vikivunjika. Wajanja nao wana mioyo, masikini, ila hawaitembezi sokoni.

Habari za yoga zikaenea Hagadera, lakini neno lenyewe lilipita midomo mingi, na lilipofika kwa wenyewe lilikuwa limegeuka kuoga. Asubuhi wanawake wakajaa chini ya turubai, kila mmoja na beseni lake na kipande cha sabuni. Kambini maji ya kunywa hupiganiwa, sembuse ya kuoga.

"Mwalimu, sabuni iko," akasema Abshiro, mama mwenye mwili wake na neno la mwisho. "Maji iko wabi?"

Mjanja haishiwi maneno. Muema akaeleza kwa upole kwamba huku ni kuoga kwa moyo, na moyo huogeshwa kwa pumzi. Akawaketisha, akawaambia wavute pumzi na kuitoa. Wakafanya hivyo huku wakimtazama kama mtu anayeuza ngamia mgonjwa. Ndipo akafika alipopataka: walale chali, wafumbe macho.

Hakuna aliyelala. Abshiro akashauriana na wenzake kwa Kisomali, kisha akamgeukia.

"Mwanamke hawezi lala mbele ya mwanaume na macho yake iko wazi. Haram. Wewe lala kwanza, funika uso. Halafu sisi."

Muema hakuona tatizo. Angejilaza, angewasikiliza hadi watulie, kisha angenyanyuka. Akajinyoosha mkekani, akajifunika uso kwa shuka. Kivulini palikuwa na upepo. Wanawake walikuwa wakipumua taratibu kama alivyowafundisha, na mmoja akaanza wimbo wa kubembeleza mtoto. Muema akangoja vioo vivunjike. Akangoja sana, na katika kungoja huko usingizi ukamchukua.

Alipoamka jua lilikuwa limeinama, naye alikuwa mchangani. Blanketi hazikuwapo, wala mikeka, hata ule wa chini yake. Yakub alisimama kando ya pikapu tupu, akikwepa macho yake.

"Nilikuwa nimeanza kupakia, Abshiro akaniuliza napeleka wapi," akasema. "Ni habaryar wangu, dada ya mama. Siwezi mdanganya."

Basi blanketi zilikuwa zimegawiwa nyumba kwa nyumba, kwa pikapu ileile ya Muema na petroli yake. Akafungua mdomo atukane, akakuta hasira hazipo. Alikuwa amelala. Aligeuka upande, Yakub asione machozi.

Abshiro alimwambia Maggie kwamba mwalimu huyu ni mzuri sana, maana wanawake sasa wanalala na joto. Maggie akaona mfadhili atapendezwa.

Juma lililofuata Muema alirudi Hagadera peke yake, bila pikapu, na hapakuwa tena na blanketi ya kuiba. Mkononi alishika beseni na kipande cha sabuni. Abshiro akamtandikia mkeka.

"Lala kwanza," akamwambia. "Funika uso."