Kaya Mia Tatu za Mlimani

Jumatatu, 9 Juni

Daktari kamwambia binti yangu nijiandae. Kamwambia mlangoni, kana kwamba mimi sina masikio. Haya, najiandaa. Dhambi moja tu inanikaba. Miaka arobaini iliyopita nilikuwa karani wa sensa, na kata ya mlimani sikuipanda. Mvua! Nilikaa mgahawani nikajaza kaya mia tatu: Mkristo, Mkristo, Mkristo. Tangu hapo namshinda shemeji kwa takwimu hizohizo. Ni kaka wa marehemu mke wangu, wakili mstaafu, tunaishi naye. Husema nchi isiyo na dini rasmi si ya Kikristo. Huuliza: kwani ilibatizwa lini, na mto gani uliitosha? Humjibu: hesabu watu! Nikiungama, nampa ushindi. Nisipoungama, moto.

Jumatano, 11 Juni

Padri kaja, nikamwungamia. Hakushtuka hata kidogo! Kasema nchi haiwi ya Kikristo kwa fomu, bali kwa jinsi wanyonge wanavyotunzwa. Nikamwambia hiyo haina safu kwenye fomu ya sensa. Malipizi ya dhambi yangu: nimwambie shemeji ukweli kwa mdomo wangu. Mdomo wangu, sawa. Masikio yake hayakutajwa. Na shemeji huvua kifaa cha kusikilizia wakati wa kula.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeungama mezani, neno kwa neno. Shemeji akatafuna, akatikisa kichwa, akaomba chumvi. Nikajiona mwepesi kama karatasi. Kumbe binti yangu yuko nyuma na sahani! Akamvalisha mjomba wake kifaa, akamsimulia yote, pamoja na mvua. Shemeji kacheka hadi kapaliwa. Kasema miaka arobaini nimemchapa kwa fimbo niliyoichonga mwenyewe. Kisha akanifunika miguu blanketi. Hilo la blanketi limeniuma kuliko kicheko.

Jumamosi, 14 Juni

Dhamiri safi. Niko tayari.

Saa nne kaja karani wa sensa, msichana mwenye matope viatuni. Shemeji kasinzia kochini, kifaa mezani. Karani akauliza dini yake. Hajakanyaga kanisa tangu harusi yangu! Ningeweza kumwamsha. Nikalikumbuka blanketi. Nikasema Mkristo, na aandike kwa kukoleza.

Akauliza kama majirani wako nyumbani. Hawapo, na milango yao iko hadi ghorofa ya nne. Nikatazama viatu vyake. Maskini.

Nikamwambia akae, anywe chai, na kwamba nyumba zote za jengo hili ninazijua mimi.