Mchumba wa Binti Yangu na Prosesa Isiyo na Feni

Ndugu Mhariri wa Safu ya Kompyuta,

Pokea salamu za mwalimu wa hesabu, ambaye pia ndiye mpanga ratiba wa shule yetu kwa mwaka wa kumi na sita. Naomba, kwa heshima zote, utangaze kwa herufi nzito kwamba kwa kompyuta ya nyumbani inayotumia mfumo wa Linux, prosesa bora, yaani ubongo wa mashine, ni za aina ya x86, na kwamba zile za ARM zibaki kwenye simu zao. Ndoa ya binti yangu inakungoja wewe.

Chanzo ni makala yako ya mwezi uliopita, uliposema aina zote mbili zinafaa. Mchumba wa binti yangu, ambaye ni fundi kompyuta, aliisoma akaniletea zawadi: kijisanduku cha ARM kinachoenea kiganjani. Binti akakiwekea Linux ileile, akanakili mafaili yangu yote, akakiweka chini ya meza kando ya kompyuta yangu kubwa ya x86 ili nilinganishe. Nilikijaribu siku moja, nikarudi kwa mkongwe wangu. Tangu hapo nimetamka kwamba anayetaka mke nyumbani kwangu akiri kwanza ubora wa x86. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijisanduku hakina feni. Mfanyakazi asiyesikika hata akihema, utajuaje kama yuko kazini? Mkongwe wangu ananguruma kutwa, hata sasa ninapokuandikia, na miguu yangu inapata joto.

2. Amri za ARM zote zina urefu mmoja, kila moja na kakazi kake. Za x86 kuna fupi na ndefu, na moja huweza kubeba kazi kadhaa. Hivyo ndivyo nyumba inavyoendeshwa. Mama watoto akisema, "Inuka, zima jiko, fungua mlango, na hilo shati ulibadilishe," hiyo ni amri moja, nami nimeitekeleza miaka ishirini na minne bila kulalamika kwa sauti.

3. Mkongwe alikuwa akichukua dakika saba kupanga madarasa kumi na manane bila walimu kugongana. Wiki tatu hizi anamaliza kwa dakika mbili. Ndugu Mhariri, x86 hukomaa! Nilipolieleza hili katika chumba cha walimu, mwalimu wa fizikia aliinamia madaftari, mabega yakimtikisika. Nadhani aliguswa.

4. Kibaya kuliko vyote ni adabu ya huyo kijana. Nikimsimanga, "Ndiyo, mzee." Nikimwonyesha wepesi wa mkongwe, anachungulia chini ya meza, ananitazama, kisha anasema, "Kweli mzee, hiyo mashine ni nzuri sana." Lakini kutamka kwamba x86 ni bora, hataki. Anaficha nini? Binti naye kanivaa: "Baba, mimi naolewa na mtu, siolewi na prosesa." Tangu Jumapili hali nasi mezani.

Basi tangaza. Ikishindikana, nisaidie kudai sheria: wachumba wote wakaguliwe prosesa kabla ya posa.

Wasalimie wasahihishaji, wapiga chapa, na yule mchora vibonzo anayetuchora walimu wote na vipara. Mimi bado ninazo nywele mbili tatu.

Wako mtiifu, mwenye hoja,
Mpanga Ratiba

Nyongeza: Nilipotaka kuchapa barua hii, printa haikuitika. Binti akaja, bila kunisemesha, akaiuliza kompyuta prosesa yake ni ya aina gani ili ajue aiwekee programu ipi. Skrini ikajibu: aarch64. Yaani ARM. Wiki tatu zilizopita mama watoto alivuta meza afagie, nyaya za skrini na kibodi zikachomoka, naye akazichomeka kwenye kijisanduku. Mkongwe amekuwa akinguruma tu huko chini bila kazi yoyote, kama mimi wakati wa likizo.

Kijana alijua siku zote, akanistahi. Kwa hiyo barua hii usiichapishe, na ile sheria iache. Nimempigia simu. Nilijiandaa kusema mengi, yakanitoka machache: "Njoo na wazazi wako Jumamosi."

Akajibu, "Ndiyo, mzee."