Ombi la Kuhamishwa kwa Mbawakawa wa Ghala la Mbegu

Ghala la Mbegu za Pamba,
Masumbwe,
Novemba, 1953.

Kwa Bwana Shamba Mkuu,

Shikamoo, Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na macho yako yote mawili yakiona. Mimi leo ninatumia moja.

Ghalani humu wanaishi mbawakawa weusi wenye madoa meupe mgongoni, warefu kama kidole gumba. Uliagiza wasiuawe, kwa kuwa ni marafiki wa mkulima. Sikatai. Lakini mimi si mkulima. Ni karani wa majaribio, nawe unakuja Jumatatu kukagua mbegu na kuamua kama nithibitishwe kazini. Kwa hiyo nalalamika:

1. Niliinama kumtazama mmoja kwa nia njema. Akanigeuzia mgongo, nikadhani anaona haya. Kumbe alikuwa analenga. Maji yake makali yaliniingia jichoni, na tangu hapo mistari yangu inapanda mlima, kama unavyoona.

2. Hawawezi kuruka, maana maganda yao ya mgongoni yameungana. Ningetegemea kiumbe wa namna hiyo awe mnyenyekevu. Badala yake wanakimbia kuliko tarishi wetu, na mlangoni mimi ndiye ninayewapisha.

3. Wanakula viwavi, mchwa, konokono, hata wenzao. Mtoto wao, angali buu, naye huwinda. Sijaona hata mmoja akila jani. Nauliza kwa heshima: mtumishi asiyeonja jani atajuaje taabu ya pamba?

4. Wameniharibia jina. Mimi ni Mzigua, na watu wa hapa ni watani wetu. Maige, mlinzi wa ghala, alinikuta nimesimama juu ya meza kumkimbia mmoja wao, akasema mbele ya wakulima, "Karani, shuka. Huyo hajui kusoma, hawezi kukunyang'anya kazi." Mkulima mmoja, Mama Nyamizi, akamjibu, "Ataiweza. Yeye haogopi." Sasa wakulima wakiingia humwamkia mdudu kwanza, kisha huniuliza mimi kama bwana mkubwa yupo.

Naomba basi wahamishiwe mgodini Geita, ambako watu hufanya kazi gizani na macho hayatumiki sana. Kama haiwezekani, nihamishwe mimi, nao wathibitishwe.

Nisalimie Mama hapo nyumbani, watoto, dereva wako, na karani wako mkuu, ambaye namwombea asiwe na tabia ya kuinama.

Wako katika utumishi na katika hofu,
Bartholomeo Mhina,
Karani wa majaribio.

Nyongeza: Barua hii imekwisha kupigwa muhuri, na kanuni hairuhusu kuichana, hivyo naongeza hapa. Maige amesikia kwamba nimewashtaki wadudu wa kwao. Kwa haki ya utani amewateka wote, akawatia chunguni, akaenda nao nyumbani. Nilifurahi siku mbili. Leo nimeinua gunia la kwanza, kitako chake kikabaki chini pamoja na nusu ya mbegu. Mchwa, Bwana. Tafadhali usimhamishe mbawakawa hata mmoja. Ili awarudishe, Maige anataka fidia ya jogoo, na mimi niwaombe wadudu radhi kwa magoti mbele ya mkewe. Jogoo nimeshamfunga miguu. Ila naomba Jumatatu uchelewe kidogo, maana Maige anasema wadudu nao wana haki ya kukataa.